Maabara ya Mkurugenzi Ombeni

Jioni ya kwanza kambini, Lusungu aliwakuta wadudu saba ndani ya sahani yake ya maharage. Hakuwa mtoto wa kudeka. Kwao Mbozi maharage yakiingiwa na wadudu huanikwa juani, hupepetwa, huchambuliwa, ndipo yanapokwenda jikoni, na hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Haya ya kambini yalikuwa yamemiminwa sufuriani kama yalivyotoka kwenye gunia, wadudu wakaelea juu kama iliki kwenye chai. Alipomwonyesha mpishi, mpishi akamjibu kwamba hiyo nayo ni nyama, ale ashukuru. Lusungu aliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya kijiko, akawapanga ukingoni mwa sahani, akala.

Kilichomkera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuja na maharage mazuri. Kila mwanafunzi alikuwa ameambiwa alete gunia la mahindi na debe la maharage badala ya ada, na mama yake, Ferista, alikaa juu ya mkeka siku mbili akichambua yale ya njano punje kwa punje, asije mwanawe akaonekana ametoka nyumba ya wavivu. Gunia la mahindi aliliandika kwa kalamu ya wino mzito: MAMA LUSUNGU. Sasa maharage ya Mama Lusungu yako wapi, na haya ya wadudu yametoka kwa nani? Hakuna aliyemjibu, na siku ya kwanza ugenini mtu haulizi mara mbili.

Nieleze kwanza alifikaje pale. Lusungu binti Yesaya, miaka kumi na saba, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kata, wa kwanza darasani kwa baiolojia na kemia, na hajawahi kuiona hadubini kwa macho yake. Shule yao ina jengo la maabara, tena jengo zuri, lina madirisha ya vioo na bango mlangoni. Ndani mna popo. Mwalimu huchora chupa na mirija ubaoni, wanafunzi huchora kwenye daftari, na mtihani wa taifa ukifika wanaambiwa watumie akili. Binti huyu alitaka kuwa daktari, wala si kwa maneno ya mdomoni tu. Alikwisha kumpasua panya wa ghalani kwa wembe ili aone ini likoje. Basi liliposomwa kanisani tangazo kwamba huko Chapwa, mjini Tunduma, kutakuwa na Kambi ya Vipaji ya Likizo, wiki tatu, malazi na chakula, na maabara ya kisasa yenye hadubini ishirini, alitoka ibadani mbio kwenda kumwambia mama yake.

Tatizo lilikuwa mwezi. Juni ndiyo kahawa inaiva. Baba yake, Yesaya, alikuwa Mkwajuni kwenye mashimo ya dhahabu, mwaka wa pili huo, akituma salamu kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mibuni ya nyumba ile ilitegemea watu wawili tu, mama na Lusungu. Na pale kijijini wanawake huchuma kwa zamu. Nyumba nane, kila nyumba inatoa watu wawili, leo wanachuma shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mzunguko utimie. Halipwi mtu, mkono unarudishwa kwa mkono. Nyumba isiyotoa mkono haichumiwi, na nyumba isiyochumiwa inakaa ikiangalia kahawa yake ikikaukia mtini na kudondoka. Hapo ndipo mwaka mzima unapoishia, sare za shule, dawa, sabuni, kila kitu.

Ferista akaenda kwa Bibi Tumpale, mwenyekiti wa zamu, mjane mwenye sauti nzito ambaye hajawahi kumbembeleza mtu tangu apewe ule uongozi. Alimwomba mkono wa Lusungu usamehewe wiki tatu.

"Anakwenda wapi?"

"Tunduma, mama. Maabara. Anakwenda kujifunza mambo ya udaktari."

Bibi Tumpale alikoroga uji wake. "Kama ni masomo, sawa," alisema mwishowe. "Angekuwa anakwenda kuwauzia madereva karanga nisingekubali. Shamba lako litachumwa la mwisho, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba. Na siku nikisikia hakuwa anasoma, zamu umejitoa mwenyewe, Ferista. Usije kunililia."

Ndivyo Lusungu alivyoondoka, kahawa ya mama yake ikiwa inaanza wekundu, na yale maneno ya Bibi Tumpale yakimning'inia shingoni.

Kambi yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mawakala wa forodha, limepakwa rangi ya njano upande wa barabarani tu. Huko nyuma matofali yalikuwa wazi na ukuta umelowa kwa kitu ambacho heri mtu asikiulize. Wanafunzi arobaini, vyoo viwili, kimoja kimejaa. Magodoro yalikuwa na ramani za mikojo ya watu ambao Lusungu hakuwafahamu, ukiligeuza upande wa pili unakuta ramani nyingine. Usiku kucha malori yaliyopanga foleni ya mpakani yalikuwa yakinguruma na kupiga honi, vumbi na moshi vikiingia dirishani na kulala juu ya midomo ya watu. Alilala na kanga ya mama yake puani.

Mkurugenzi Ombeni alikuja asubuhi kuwafungulia kambi. Zamani alikuwa wakala wa forodha. Sasa anajiita mdau wa elimu, na kwa kweli ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Suti ya kijivu, viatu vya ncha, manukato ya kukuwasha koo. Alizungumza saa nzima kuhusu sayansi na teknolojia, akawaambia wao ni kizazi cha kuivusha nchi. Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa kijani wenye kufuli kubwa na bango: MAABARA. Lusungu alinyoosha mkono akauliza wataingia lini.

"Swali zuri sana, binti," alisema Mkurugenzi. "Vifaa vyetu vimekwama ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Karatasi moja tu haijagongwa muhuri. Tunapovisubiri, tutaanza na mafunzo kwa vitendo. Kilimo biashara."

Siku ya nne, kabla hakujapambazuka, walipakiwa kwenye Fuso. Gari likashika njia ya Mbozi. Lusungu aliyekuwa amejikunja kwa baridi alianza kuzitambua kona, miti, kibanda cha kuuzia mkaa, na mwisho ile njia panda ya kwenda kijijini kwao, ikapita pembeni mwao na kubaki nyuma kwenye vumbi. Walishushwa mbele kidogo, kwenye shamba kubwa lenye uzio. Mibuni, mistari kwa mistari, nyekundu pyu. Mlinzi alipoulizwa ni shamba la nani alijibu bila kuficha, ni la Mkurugenzi, alilinunua mwaka juzi, na vijana wa kuchuma wamemkimbia kwa sababu halipi. Akawagawia ndoo.

"Tumepigwa," alisema msichana mmoja aliyesimama karibu na Lusungu. Huyo ni Tabita, mtoto wa mbadilisha fedha wa pale mpakani, ambaye kahawa alikuwa anaijua ya unga tu. "Mwanangu, hapa tumepigwa mchana kweupe."

Lusungu alijua kwamba Tabita anasema kweli. Aliielewa ile habari yote papo hapo, akiwa bado hajachuma hata punje moja: amemwacha mama yake na kahawa yake ili aje achume ya huyu mwenye viatu vya ncha, bure, na hata mkono wake haurudishwi. Angeweza kuweka ndoo chini na kutembea hadi nyumbani. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Mimi ningependa kukuambia kwamba alifanya hivyo. Hakufanya. Angemweleza nini Bibi Tumpale? Na je, kama karatasi ya Nakonde itagongwa muhuri kesho?

Halafu watoto wa mjini walianza kuchuma, na hapo ndipo alipoharibikiwa. Walikuwa wanakwangua tawi zima, mbivu na mbichi na majani, matawi yanavunjika. Mtu aliyekulia kwenye kahawa hawezi kulitazama jambo lile akanyamaza, hata kama shamba ni la adui yake. Alimshika Tabita mkono, akamwonyesha: nyekundu tu, zungusha, usivute. Akamwonyesha wa pili, wa tatu. Saa sita Mkurugenzi alifika, akasimama akitazama, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Huyu ndiye kiongozi niliyekuwa namtafuta," alisema. Pale pale akamtangaza Kiongozi wa Mafunzo kwa Vitendo. Kwa lugha ya kwetu, nyapara.

Alivishwa kilemba cha ukoka naye akakivaa kikamkaa. Alihamishiwa kitanda cha karibu na dirisha, chenye godoro jipya. Jioni aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi kula pamoja na wafanyakazi, wali na nyama ya ng'ombe, wakati wenzake wanaopoa wadudu. Siku mbili za mwanzo alijiambia anakula ili apate nguvu ya kuuliza habari za maabara. Siku ya tatu hakujiambia kitu. Shambani alitembea katikati ya mistari na kijiti, akikemea, na alipogundua kwamba akikemea madebe yanaongezeka, akakemea zaidi. Alikuwa anafanana sana na Bibi Tumpale, isipokuwa Bibi Tumpale huchuma na wenzake.

Wiki ya pili watu walianza kuharisha. Si ajabu, kwa maji yale na choo kile. Siku moja Tabita alikuwa ameshakwenda vichakani mara nne kabla ya saa nne asubuhi, uso umempauka, midomo imemkauka. Alikuja mara ya tano ameshika tumbo.

"Dada Lusungu, tumbo linanisokota. Naomba nikakae kivulini."

"Umejaza ndoo ngapi?"

"Moja."

"Jaza ya pili ndipo ukae. Kila mtu hapa anaumwa tumbo."

Tabita alirudi kwenye mstari wake. Hakufika mbali. Alisimama ghafla ameshikilia tawi, na wote waliokuwa karibu wakaona kinachoteremka kwenye sketi yake mpaka kwenye soksi. Wavulana walicheka. Wasichana waliziba pua wakasogea. Na Lusungu, yule daktari wa kesho, alifanya nini? Alikunja pua na kurudi nyuma hatua mbili. Kisha akaona macho ya Tabita yakimtazama yeye, hayawatazami waliocheka, na tangu saa ile mpaka jioni kila alichokitia mdomoni kilikuwa na ladha ya kinyaa, wala si kinyaa cha Tabita.

Waliporudi Chapwa Tabita alilala sakafuni nje ya bweni kwa sababu hakutaka kuwanukia wenzake. Tanki lilikuwa kavu. Lusungu alichukua beseni akatafuta maji kila mahali, jikoni hamna, bombani hamna, mpaka akasikia maji yakitiririka mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa kijani. Kufuli lilikuwa limefunguliwa. Akasukuma.

Harufu ndiyo ilimpokea kwanza. Yeyote aliyewahi kuvundika kahawa iliyomenywa ili utelezi utoke, akaipitisha siku zake, anaifahamu: uchachu uliooza, kama pombe iliyomwagika kwenye zizi. Ilikuwa maabara kweli, sitakudanganya. Kulikuwa na meza ndefu za saruji na masinki meupe ya kauri kila upande. Hadubini hakuna hata moja. Masinki yote yalikuwa yamejaa kahawa iliyomenywa, imelala ndani ya utelezi wake na povu la kijivu, nzi wametanda juu, na funza wanapanda ukingoni. Wanaume wawili walikuwa wanaisuuza kwa mpira wa maji, yale maji ambayo watoto arobaini walinyimwa ya kunawia. Juu ya meza, mahali pa hadubini, magunia ya mahindi yalipangwa tayari kupakiwa, na la tatu kutoka mlangoni lilikuwa na mwandiko wa mama yake.

"Aa, binti yangu," ilisema sauti nyuma yake. Mkurugenzi hakukasirika. Heri angekasirika. Alimshika bega kwa upole, manukato yake yakachanganyika na ule uvundo mpaka Lusungu akahisi wali wa jana unapanda. "Kiongozi lazima ajue biashara inavyokwenda. Wewe si mtoto. Siku ya kufunga utasoma risala mbele ya wazazi, katibu wangu ameshaiandika. Na mimi nitakusomesha kidato cha tano na cha sita, shule yenye maabara yenye vitu vyote. Tumeelewana?"

Lusungu alitazama gunia. Akatazama beseni.

"Naomba maji kwanza," alisema.

Alipewa maji. Alimwosha Tabita nje kwenye giza la jioni, akamfulia sketi kwa mikono yake, na wakati wote huo Tabita alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Alipomaliza, Mkurugenzi alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri jibu, na Lusungu akaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo bei ya maji yale, nami nimeitaja kama ilivyo.

Ferista alikuja siku ya kufunga, amevaa kitenge cha Krismasi. Alikuwa ameacha kahawa mtini. Walipokutana getini Lusungu alimwamkia, "Shikamoo mama," akampa mkono, na mama aliushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaugeuza, akauachia. Vidole vya Lusungu vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alikuwa amevisugua kwa limau, kwa mchanga, kwa majivu, ngozi ikatoka na weusi ukabaki. Vidole vya mama navyo vilikuwa vyeusi vile vile.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda," alisema Ferista tu, akaenda kutafuta kiti.

Risala ilikuwa kurasa mbili. Lusungu alisimama nayo mbele ya wazazi, diwani mstaafu na kwaya ya kukodi, akaisoma yote. Alisoma kwamba wamefanya majaribio kumi na manne ya kisayansi. Alisoma kwamba wametumia hadubini za kisasa kuchunguza seli za mimea. Alisoma kwamba chakula kilikuwa bora na wakufunzi walikuwa kama wazazi. Wanafunzi walikaa wakitazama miguu yao. Tabita peke yake alimtazama, mkavu wa macho, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na kila neno maabara lilipotajwa, mtu mmoja katika safu ya tatu alipiga makofi kabla ya wengine wote, makofi ya nguvu, na mtu huyo alikuwa mama yake. Lusungu alipewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Mkurugenzi alimkumbatia mbele ya kamera, naye akabana pumzi mpaka akaachiwa.

Walishuka njia panda alasiri, wakashika njia ya kwenda nyumbani kwa miguu, mama mbele na sanduku kichwani, binti nyuma na cheti kwenye bahasha. Kahawa za watu pande zote mbili za njia zilikuwa zimeshachumwa, matawi mepesi. Walivuka kijito.

"Hebu niambie," alisema Ferista bila kugeuka. "Maabara inanukaje?"

Lusungu angeweza kusema inanuka spiriti, kama zahanati. Neno lilifika mpaka ulimini. Lakini alikuwa ameshasema uongo wa kurasa mbili siku ile, tumbo likagoma kubeba zaidi.

"Inanuka kahawa, mama."

"Nilijua uliponipa mkono."

"Mbona ulipiga makofi?"

"Ulitaka nifanye nini? Nikuzomee mbele ya watu wa Tunduma? Wewe ni mtoto wangu." Aliendelea kutembea. Lusungu akamweleza nyuma ya mgongo wake, yote, shamba, nyama, kitanda, Tabita, gunia, na ahadi ya kusomeshwa.

"Keshokutwa Jumatatu zamu inakuja kwetu," alisema Ferista alipomaliza. "Utawaambia wao wenyewe, kabla mtu hajagusa tawi."

"Watatutoa, mama. Bibi Tumpale alisema."

"Nilikuwapo aliposema."

"Si tungenyamaza tu wachume kwanza? Halafu ndipo tuwaambie."

Ferista alisimama. Alitua sanduku chini taratibu, akageuka, akamtazama mwanawe kama anavyotazama mtu aliyefunua chungu na kukuta mboga imeoza. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimtazama hivyo mpaka Lusungu akainamisha uso, kisha akajitwisha tena sanduku.

"Huyo aliyekuuliza kama mmeelewana," alisema, "naona mlielewana sana."

Jumatatu kulikuwa na ukungu na umande wa kukata vidole. Walikuja watu kumi na wanne na ndoo zao, wamejifunga kanga na masweta, wakasimama upande wa juu wa shamba wakisubiri kugawiwa mistari. Kahawa ya Ferista ilikuwa imeiva kupita kiasi; ya juu imeanza kukauka, ya chini imeshadondoka nusu. Ikipita wiki nyingine haitabaki ya kuchuma. Lusungu alikwenda akasimama mbele yao. Mama yake alisimama pembeni, peke yake, mikono kifuani.

Aliwaambia. Hakuwa na karatasi, na maneno yalitoka ovyo, nusu Kiswahili nusu Kinyiha, akirudi nyuma kurekebisha alipojikuta anajipendelea. Alipomaliza mmoja wa wanawake alicheka kidogo kwa puani, akanyamaza alipoona hakuna anayemfuata.

"Ulijua lini kwamba shamba ni la kwake?" aliuliza Bibi Tumpale.

"Siku tuliyofika shambani, bibi. Kabla sijachuma."

"Ukachuma siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Akakulisha nini?"

Lusungu alikuwa ameliruka hilo. Alitazama chini.

"Nyama," alisema.

Bibi Tumpale alitema mate pembeni, mbali, kwenye nyasi. Alikaa akiitazama kahawa ile iliyokuwa inadondoka, akamtazama Ferista. Umande ulikuwa unadondoka kutoka kwenye majani ya migomba.

"Mimi ndiye niliyempa ruhusa," alisema Bibi Tumpale mwishowe, akiwaambia wenzake. "Nilisikia maabara, nikaacha kuuliza. Basi na mimi nimepigwa." Akamgeukia Lusungu. "Siku kumi na tatu hizo ulizompa mwizi ni za nyumba hizi. Utazirudisha, Jumamosi kwa Jumamosi, kupalilia, kubeba kuni, lolote utakaloambiwa. Na huyo bwana wenu atapita hapa mwezi huu kutafuta wachumaji wa duru ya pili. Aje. Nitamsikiliza."

Watu walianza kuokota ndoo zao na kushuka mistarini, na Ferista akageuka upande akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Lusungu alibaki amesimama pale pale, hajui aende wapi. Bibi Tumpale alimsukumia ndoo kwa mguu.

"Chuma kama wenzako," alisema. "Na leo usimsimamie mtu."